Mwaka shwari uliniponza: neno kwa wanaopanga magati

Hapa Moshi hunitania: fundi wa bahari gani wewe, kila asubuhi unaitazama Kibo? Sawa, lakini mbolea tunayotia mashambani hushushwa Tanga au Dar, kwa hiyo bahari inatuhusu hata huku mlimani. Juzi vijana wawili waliomaliza uhandisi waliniuliza waanzie wapi wakipewa gati la kina kirefu. Nikawaambia wasianzie kwenye kina.

Kina kinachimbwa. Tanga meli kubwa zilikuwa zikitia nanga nje na mzigo kuletwa kwa matishari. Baada ya kuchimba hadi mita 13 zinafunga gatini. Kimo cha sakafu juu ya maji ndicho kisichorekebishika ukishamwaga zege.

Nilijifunza hilo kwa aibu. Tulikuwa tunajenga gati dogo la nguzo huko kusini, na nilikuwa na vipimo vya mawimbi vya miezi kumi na mmoja. Mwaka ulikuwa shwari kweli. Nikashusha sakafu kidogo, nikajisifu kwamba nimeokoa zege. Msimu uliofuata bamvua, yale maji yanayojaa kupita kawaida, ikakutana na upepo mkali wa kusi. Alfajiri nilikuta vibamba vya njia ya miguu vimelaliana kama karata, na sakafu yenyewe ikiwa karibu kavu. Wimbi halikupita juu. Lilipiga kutoka chini: maji yanajaza nafasi kati ya mihimili, hewa inakosa pa kutokea, kibamba kinanyanyuka. Na vibamba vyangu vilikuwa vimeshikiliwa na uzito wao tu.

Kwa hiyo ukisikia "huku hakuna vimbunga", uliza tangu lini. Zanzibar ilipigwa tarehe 15 Aprili 1872. Lindi ikapigwa 15 Aprili 1952. Kimbunga Hidaya kikafika Mafia Mei 2024. Rekodi ya miaka ishirini tu ingevikosa hivyo vya kwanza vyote viwili.

Halafu kuna hili jina linalopotosha, "dhoruba ya miaka 100". Mkubwa wa mradi akilisikia anafikiri wajukuu ndio watakaoiona. Maana yake ni nafasi moja katika mia kila mwaka. Kwa gati litakalodumu miaka 50, uwezekano wa kukutana nayo ni karibu asilimia 40. Dhoruba ya miaka 50 ni asilimia 64. Mpelekee hesabu hiyo kabla hajaanza kukata bajeti.

Jambo jingine: kimbunga kikitangazwa, meli kubwa hukimbilia bahari kuu, kreni hubaki. Mashimo ya pini za kuzifungia yawe kwenye mchoro wa kwanza, si ya kutoboa baadaye.

Vile vibamba hatukuvirudisha. Tuliweka wavu wa chuma uliopakwa zinki, maji na hewa vipite. Kutu inaula, hubadilishwa kipande kwa kipande, na mafundi wawili wanaimaliza kazi hiyo kabla ya maji kujaa.