Jibu: Je, mtoto wa miaka 11 anaweza kushtakiwa kwa wizi?

Ndugu, umeuliza kama mvulana wa miaka 11 anayelala kando ya soko la Muthurwa, aliyekamatwa na kioo cha gari, anaweza kushtakiwa. Hawezi. Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na hata aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kupambanua jema na baya mpaka mahakama ithibitishiwe vinginevyo.

Ugumu, kwa maoni yangu, uko katika kuuthibitisha umri wenyewe: mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa husimama mbele ya meza ya polisi, chupa ya gundi ingali mkononi, akaulizwa mwaka aliozaliwa, naye akataja wowote unaomjia. Hapo aombewe uchunguzi wa daktari, ambaye aghalabu hutazama meno, kabla hajaandikwa kuwa mtu mzima na kufungiwa pamoja na watu wazima, jambo ambalo Ibara ya 53 ya Katiba inalikataza. (Watakaomwita chokoraa mbele yako wasikuchoshe.) Mwone afisa wa watoto leo hii, au piga 116, ambayo ni simu ya bure ya msaada kwa watoto.