Wasomaji Wanauliza: Mgeni Akitua Dar, Atafikaje Mwanza?

Ndugu wahariri, salaam. Wazazi wa mkwe wangu, Wajerumani waliovuka miaka 60, wanakuja Mwanza mwezi wa saba kuona wajukuu. Wanasema watashuka Dar es Salaam asubuhi, wapande treni, jioni wawe kwetu Pasiansi. Nawaambiaje? – Bibi wa wajukuu wawili, Ilemela

Shikamoo mama, na hongera kwa ugeni. Kwanza waambie ukubwa wa nchi, maana kwenye ramani ya simu Dar na Mwanza zinaonekana jirani. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024 na huko ndiko inakoishia. Kipande cha Isaka hadi Mwanza bado kinajengwa. Wakipanda SGR watakuwa Dodoma baada ya saa 3 na nusu hivi, halafu watabakiza karibu kilomita 700 za basi kupitia Singida, Nzega na Shinyanga. Stesheni ya SGR na stendi ya mabasi ya Nanenane haziko pamoja, kwa hiyo wataongeza na teksi katikati. Treni ya zamani ya reli ya kati inafika Mwanza, ila ni mwendo wa takriban siku 2. Kwa wazee waliotoka kukaa kwenye ndege usiku kucha, hatushauri.

Wapande ndege. Dar hadi Mwanza ni kama saa 1 na nusu angani. Mara nyingi kinachoharibu safari ni pale ndege moja inapokutana na nyingine. Mgeni wa kimataifa anamalizana na Uhamiaji pale anapokanyaga nchi kwanza, yaani Dar, hata kama tiketi yake imeandikwa Mwanza. Kuna foleni ya viza, kusubiri mabegi, forodha, kisha kuingia upya kwenye ukaguzi wa safari za ndani. Kama tiketi ya Ulaya na ya Mwanza zimenunuliwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haimsubiri wala hairudishi nauli. Ni heri wanunue tiketi moja yenye safari zote. Ikishindikana, waache nafasi ya saa 4 au zaidi. Wakitua usiku, walale Dar waondoke asubuhi.

Wakiwa bado Ujerumani, waangalie stika inayofungwa kwenye mkono wa begi. Ina herufi tatu kubwa: DAR au MWZ. Ikiwa DAR, begi linaishia Dar na lazima wao wenyewe walichukue. Ikiwa MWZ, bado wamuulize mhudumu wa Dar kama walipitishe forodha kwa mkono wao. Mtu akikaa akiamini begi linamfuata, anafika Mwanza mikono mitupu.

Jambo jingine ni majina. Mwenye jina kama Müller ataona kwamba mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha kwenye pasipoti imeandika MUELLER. Jina la namna hiyo ndilo liwe kwenye tiketi na kwenye maombi ya viza, herufi kwa herufi. Viza ya kawaida kwa Mjerumani ni dola 50, ya kuingia mara moja, na huombwa mtandaoni kwenye tovuti ya Uhamiaji ya serikali. Kuna tovuti za madalali zilizopambwa zifanane nayo na zinazotoza zaidi. Anwani halali inaishia na go.tz. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Na mifuko ya plastiki waiache kwao. Ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019.

Nina wageni watano kutoka Uingereza watakaotua Nairobi na kuja kwa barabara hadi Mwanza, kisha Ukerewe. Wamesema wana viza ya utalii ya Afrika Mashariki, hivyo hawana haja ya viza nyingine. Ni kweli? – Kijana wa Nansio

Si kweli, na uwaambie leo. Viza hiyo ya pamoja ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Tanzania haimo. Wakifika mpakani Sirari nayo peke yake, haiwaingizi Tanzania. Waombe viza ya Tanzania kabla hawajaondoka kwao.

Lipo na la chanjo. Tanzania inamtaka mtu anayetoka nchi yenye homa ya manjano aonyeshe cheti, na Kenya imo kwenye orodha. Aliyebadili ndege tu Nairobi bila kuzidisha saa 12 uwanjani hadaiwi cheti. Wageni wako wanatoka nje ya uwanja na kusafiri nchi kavu, kwa hiyo wote watano wanadaiwa. Chanjo huanza kuhesabiwa halali baada ya siku 10, na ikishapigwa cheti hakiishi muda. Anayekwenda kuchanjwa wiki ya safari amechelewa.

Kwa usafiri wenyewe, njia yao ni Migori, Sirari, Tarime, hadi Mwanza. Mpakani kila abiria anashuka na kukaguliwa na Uhamiaji wa nchi zote mbili, na kwa wageni watano foleni inaweza kumchosha dereva wa basi. Wamwambie konda mapema kwamba wana pasipoti za nje, wawe wa kwanza kushuka, na wasimwachie mtu yeyote wa pembeni pasipoti akidai atawasaidia kugonga mihuri. Wabadilishe fedha dukani au benki, si kwa vijana wanaotembea na mabunda mkononi.

Basi la Musoma huingilia stendi ya Nyamhongolo, siyo Nyegezi. Waliokata tiketi ya mbele kwenda Geita au Dar wataondokea Nyegezi, na kati ya stendi hizo mbili kuna jiji zima la kukatiza. Wageni wako, kwa kuwa wanakwenda Ukerewe, hawana hata sababu ya kufika Mwanza kwanza: washuke Bunda, wachukue gari la Kisorya na kuvuka kwa kivuko hadi Rugezi. Wakipendelea ziwa, boti na meli za Nansio zinaondoka Mwanza mjini. Ratiba hubadilika, hivyo ulizia bandarini siku moja kabla. Kila abiria aandikwe jina na avae jaketi la kuokolea maisha akiwa kwenye chombo kidogo. Ukikuta chombo kimeshajaa, subiri kinachofuata hata kama wageni wana haraka. Sisi wa ziwa hili tulizika watu wetu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Katika hili hatuna lugha ya mzaha.

La mwisho ni saa. Ukimwandikia Mwingereza "basi ni saa 12 asubuhi", atasoma 12 na kuja mchana wakati basi liko mbali. Andika 06:00. Kila tiketi utakayomkatia, mzungushie saa kwa kalamu na uandike ya kwao pembeni.

Rafiki yangu Mfaransa ameambiwa basi la kutoka Musoma kwenda Arusha linapita Serengeti, hivyo ataona wanyama kwa nauli tu. Ni ujanja mzuri? – Msomaji wa Bunda

Hapana. Kwenye mabasi yanayokatiza hifadhi, abiria mgeni hulipa kiingilio cha Serengeti na cha Ngorongoro, juu ya nauli. Kwa mgeni asiye mkazi, viingilio hivyo viwili vinazidi dola 100, na basi halisimami kwa ajili ya simba. Akitaka wanyama, aingie kwa gari la utalii kupitia lango la Ndabaka, lililo kando ya barabara kuu ya Mwanza–Musoma, na malipo yafanyike kwa kadi au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa sababu noti hazipokelewi getini. Akitaka kufika Arusha tu, achukue basi linalozungukia Singida na Babati. Ni refu, lakini halina kiingilio.

Akiamua kuruka kwa ndege ndogo za hifadhini, mzigo ni kilo 15 ndani ya begi laini. Sanduku gumu la magurudumu haliingii kwenye tumbo la ndege hizo. Aliache kwako Bunda.

Tukimpeleka mgeni Geita, bado tunapanga foleni ya kivuko Busisi? – Dereva wa teksi, Nyegezi

Hapana. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025. Unavuka kwa dakika chache, usiku na mchana. Kivuko cha Kamanga kinabaki cha kumfaa anayetokea katikati ya mji kwenda Sengerema.