Homa ikikushika Johannesburg, taja Chirundu

Wengi wetu tunaoshuka kusini kwa barabara, kutoka Dar mpaka Johannesburg, tunaandaa kila kitu isipokuwa mwili. Pasipoti ipo, dola zimefichwa, namba ya mwenyeji imeandikwa kwenye karatasi endapo simu itazima. Ukimuuliza mtu habari za malaria, anakujibu kwamba yeye amekulia kwenye mbu. Nimepita njia hii vya kutosha kujua jibu hilo linavyoponza watu.

Itazame njia yenyewe. Ukivuka Tunduma unakatiza nyanda za juu za Zambia, Kapiri Mposhi, Lusaka, kisha basi linaanza kushuka, linashuka tu, hadi Chirundu, mpaka wa Zambia na Zimbabwe kwenye bonde la Zambezi. Joto linakupokea hata kama ni saa tano usiku. Foleni ikiwa ndefu, abiria hutandika kanga pembeni mwa malori wakajinyoosha. Mbu wa malaria naye huuma kuanzia jioni hadi alfajiri, saa zile zile. Ukimaliza Zimbabwe, unakutana na hali hiyo tena Beitbridge, mpaka wa kuingia Afrika Kusini, kwenye bonde la Limpopo. Halafu unapanda Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mji ambao malaria haiambukizwi.

Hapo ndipo watu wanapokwama. Tangu mbu akuume mpaka homa ianze hupita siku 7 au zaidi, mara nyingi kama wiki mbili. Kwa hiyo unafika mzima, unafanya shughuli zako, ndipo homa inakushika katikati ya mji ambao wahudumu wengi hawaioni malaria mara kwa mara. Mama mmoja niliyesafiri naye, mfanyabiashara wa nguo, yalimkuta. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa za mafua. Kesho yake alikuwa anatetemeka, macho yameanza kuwa ya njano. Tulipompeleka kwingine, kabla hata ya kuulizwa tulisema: ametoka Tanzania kwa basi, amepita Zambia, amelala nje Chirundu. Akachomwa kidole pale pale, majibu yakatoka upesi, akalazwa. Amepona, ila malaria kali huua ndani ya siku chache, na yeye alikuwa ameshapoteza mbili.

Kwa hiyo ijue sentensi hiyo kwa Kiingereza kabla hujaondoka, na uitaje mwenyewe bila kusubiri kuulizwa. Sema pia tarehe ulizopita. Ndugu zetu wanaoishi kule miaka mingi wakaja nyumbani Desemba, nyie ndio nawasihi zaidi. Kinga mliyokua nayo hupungua mkikaa mbali na malaria, na Desemba ni msimu wa mvua sehemu kubwa ya kusini. Muulizeni daktari dawa ya kujikinga. Ukipewa doksisaiklini, hunywewa kila siku na huendelea wiki 4 baada ya kutoka kwenye maeneo ya malaria. Wengi huikatisha wakishaona taa za Johannesburg. Njiani vaa mikono mirefu na soksi, na dawa ya kupaka ya mbu iwe mfukoni, siyo kwenye begi lililo chini ya basi.

Dawa zako za kila siku, za presha, sukari au ARV, ziwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na cheti cha daktari, na uzidishe za wiki mbili kwa sababu mipaka huchelewesha. Soma pia boksi la dawa ya kikohozi. Ikiandikwa diphenhydramine, iache nyumbani: Zambia watu wamekamatwa kwa kuibeba.

Kuhusu tumbo sina maneno mengi. Kipindupindu cha Lusaka mwanzoni mwa 2024 kilifikia hatua ya uwanja wa Heroes kugeuzwa kituo cha kulaza wagonjwa. Kula chakula kinachotoka jikoni kikifuka moshi, kunywa maji ya chupa uliyoifungua mwenyewe, na beba pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini ukiharisha. Zikikuishia, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

La mwisho ni baridi, na hili linaua watu wa pwani kimya kimya. Juni hadi Agosti usiku wa Johannesburg unaweza kugandisha maji. Chumba cha kupanga, watu watano, mlango umefungwa, mtu anaingiza jiko la mkaa ndani. Moshi wake mbaya zaidi hauonekani wala haunuki. Nunueni mablanketi mazito, changeni hela. Na kichwa kikianza kukuuma, ukasikia na wenzako wanalalamika hivyo hivyo, fungueni mlango mtoke wote.