Barua kwa mwanangu: mtoko hauhitaji watu wawili

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Hapa Nansio sote wazima. Ujumbe wako wa juzi nimeusoma na kuurudia. Unasema tangu uhamishiwe Mwanza Jumamosi zako zinaishia kitandani na simu, wenzako wa kazini wana familia zao, na kila ukifikiria kwenda mahali pazuri ukale samaki unajiuliza: "Mama, nikikaa mezani peke yangu, si watu wataona nimekosa mtu?" Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu ungecheka, tukahamia habari nyingine.

Nenda, mama. Vaa lile gauni la harusi ya binamu yako ambalo hujaligusa tena. Panga siku na saa kama unavyopanga na rafiki, na rafiki akikupigia siku hiyo kukuita kwingine, mwambie una ahadi. Ni ahadi kweli.

Najua hofu yako imetoka wapi. Umekulia kwenye sinia moja la ugali lenye mikono sita saba, na kwetu anayekula peke yake anaitwa mchoyo. Malezi hayo sitaki uyaache. Lakini tulichokatazwa ni kumnyima mwenzio. Hakuna aliyekataza mtu kukaa na nafsi yake. Babu yako akishaanika nyavu alikuwa anakaa juu ya mawe hadi magharibi, na hakuna aliyesema mzee amekosa mtu. Mwanamume akiwa mezani na sato wake anaonekana ametoka kazini. Msichana anaonekana ameachwa. Hilo mimi silikubali, wala sitaki ulibebe.

Ila usianzie hotelini usiku. Anzia Saanane, asubuhi. Boti inaondokea kwenye ofisi za hifadhi pale Capri Point na safari ni ya dakika chache, hupati hata muda wa kughairi. Kisiwa kilifanywa bustani ya wanyama mwaka 1964, kikabaki na jina la mzee Saanane, mvuvi na mkulima aliyekuwa akiishi hapo. Tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, tena ndogo kuliko zote nchini. Hata kilometa za mraba 3 haifiki. Udogo huo ndio ninaoupendea. Unatembea kwa miguu, hakuna gari la kuchangia linalokulazimisha utafute kundi.

Ukifika kwenye mawe, kaa. Utawaona pimbi wamebanana juu ya mwamba wakiota jua, kwa sababu miili yao haitunzi joto vizuri na usiku umewapoza. Mjusi dume atachomoza kwenye ufa, kichwa na mabega rangi ya waridi iliyokolea, mwili uliobaki buluu. Atainua kifua na kukishusha, atainua tena, akimwonya dume mwenzake. Jike ni la rangi ya udongo, usipotulia humwoni. Niliwahi kwenda pale na walimu wenzangu, tukafurahi sana, nikarudi najua habari za nyumba ya kila mmoja wao. Mijusi niliiona nilipokwenda mwenyewe. Ukienda na watu, unawaona watu, na ni vizuri. Kisiwa nacho kinataka siku yake.

Mtoko unaofuata ndio uwe wa kula, mchana vilevile, mahali penye watu karibu na maji. Mhudumu atakuja na jagi la maji ya vuguvugu akunawishe. Agiza sato wa kuchoma, aje mzima, na ugali na kachumbari na ndimu. Anzia kichwani, kwenye ile nyama laini ya shavu ambayo nyumbani tunamwachia mkubwa au mgeni. Siku hiyo mgeni ni wewe. Ifungue ngozi taratibu, ichambue nyama ya mgongoni kwa vidole, miiba uipange pembeni ya sahani. Hakuna anayekusubiri umalize.

Utaulizwa kama unamsubiri mtu. Usidanganye. Ukisema ndiyo, utaanza kutazama mlangoni, na mlo wote utakuwa wa mtu ambaye hayupo. Sema, "Niko peke yangu, naomba menyu." Na mwanamume akivuta kiti bila kukaribishwa, maneno ni hayohayo: "Leo niko peke yangu, asante." Akizidi, mwite mhudumu, lipa, ondoka. Rafiki mmoja ajue uliko, na giza likukute nyumbani.

Simu itumbukize mkobani. Nusu saa ya mwanzo itakuwa ngumu, nakwambia mapema ili usidhani umeshindwa. Mkono utaitafuta, macho hayatajua yatue wapi. Tazama maji, tazama kivuko cha Kamanga kinavyokwenda na kurudi. Halafu mawazo yataanza kuja yenyewe, yale unayoyazima kila siku kwa kelele, na mengine hayatakuwa mazuri. Yaache yaje. Mtu anayeweza kukaa na mawazo yake hakubali mchumba yeyote ili mradi tu asiwe peke yake. Hilo ndilo ninalokutakia, mwanangu, kuliko pimbi na sato wote.

Lakini mtoko usiwe wa kujificha. Ukigombana na mtu, kwanza kazungumze naye. Na ukiona siku zinafuatana hutaki watu, chakula hakipiti, usingizi hauji, hiyo si hali ya kutibu kwa matembezi. Niambie mimi, hata usiku wa manane, na uende hospitali ukaonane na daktari.

Ukishazoea, kuna makumbusho ya Wasukuma kule Bujora, unapanda daladala ya Kisesa. Litazame lile kanisa la mviringo lililojengwa kwa mtindo wa nyumba ya mtemi, na uulize habari za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vilivyokuwa vikishindana. Kupanda meli kwenda Bukoba usiku kucha peke yako, hiyo tutaizungumza baadaye, bado naiwazia.

Jumamosi ukienda Saanane beba kitambulisho cha NIDA ili ulipe kiingilio cha Mtanzania, viatu visivyoteleza, maji na kofia, maana jua la ziwani linaunguza hata upepo ukivuma. Nipigie baada ya saa mbili usiku. Kabla ya hapo niko kwenye mazoezi ya kwaya.

Mama yako