Chuo, kiwanda na darasa la kompyuta: maswali yenu kutoka Kusini

Ndugu Mhariri, kiwanda kimoja hapa kimekubali kushirikiana na chuo chetu kutengeneza masomo ya kompyuta kuhusu usalama kazini na hesabu za ufundi, yatumiwe na wanachuo pamoja na wafanyakazi wao. Wameahidi kompyuta 20 na fundi wa programu kwa mwaka mmoja. Wakuu wetu wanataka hati ya makubaliano isainiwe upesi. Tukazanie kipi?
*Mhadhiri, Mtwara Mjini*

Mhadhiri, kazanieni mwezi wa 13. Fundi ameshaondoka, mwanachuo amegundua swali la hesabu lina jibu lisilo sahihi: nani atafungua programu na kulirekebisha? Kama hati haijibu hilo, msiisaini hata kompyuta zikiwa 100.

Jambo hili lina historia. Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilianzisha PLATO mwaka 1960, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta uliokuja kuchukuliwa kibiashara na kampuni ya Control Data. Masomo yake mengi yalikuwa mazuri sana, ila yalitegemea kompyuta kuu ya gharama kubwa na vioo maalumu vya kuonyeshea. Kompyuta ndogo za bei nafuu zilipoenea miaka ya 1980, mfumo ule ukalemewa. Linganisheni na mradi wa Athena wa chuo cha MIT, ulioanza 1983 kwa msaada wa kampuni za DEC na IBM. Mashine za kampuni hizo mbili hazikufanana, kwa hiyo watu wa chuo wakalazimika kuandika programu inayofanya kazi kwenye zote. Mradi ukaisha 1991, lakini mfumo ukabaki mikononi mwa chuo. Hapo ndipo mnapotakiwa kufika.

Kwa vitendo, andikeni kwamba msimbo chanzo (maandishi ya programu ambayo mtu huyafungua ili kuirekebisha), picha, sauti na nywila za usimamizi vinakabidhiwa chuoni kila mwisho wa mwezi. Msikubali “mwisho wa mradi”. Mwisho wa mradi fundi ana kazi nyingine, toleo la mwisho limo kwenye kompyuta yake mpakato, na nywila anayo yeye peke yake. Mwezi wa tatu fanyeni jaribio: mtumishi wenu achukue mashine tupu na kusimika mfumo mzima kutoka kwenye nakala mliyokabidhiwa, fundi asiguse kitu. Jaribio likikwama, na mara ya kwanza hukwama, bado mnaye wa kumuuliza.

Masomo yenyewe wekeni kwenye Moodle, programu ya kuendeshea masomo kwenye mtandao, ambayo haina ada ya leseni. Hazina ya maswali itoeni pia kwa muundo wa GIFT. Hilo ni faili la maandishi matupu, linafunguka kwenye kompyuta yoyote, na mhadhiri asiyejua programu anaweza kusahihisha jibu mwenyewe.

Kuna gharama moja ambayo hati nyingi huisahau: muda wenu. Somo zuri la saa moja, lenye maswali na maelezo ya kwa nini jibu fulani si sahihi, hula siku kadhaa za mwalimu. Kama mkuu wa idara hapunguzi vipindi vya watakaoandika, kazi itaangukia usiku, na kitakachotoka ni kurasa za kitabu zilizobandikwa kwenye kioo. Kiwanda nacho kitoe msimamizi wa zamu anayeijua kazi, akae na mwandishi walau nusu siku kwa wiki. Bila yeye somo la usalama litafundisha mashine ambayo kiwandani haipo. Rasimu ikikamilika, waketisheni wafanyakazi watano na wanachuo watano walijaribu huku mmenyamaza, mkiandika kila wanapokwama. Msiwasaidie, maana mkisaidia mnajifichia kasoro zenu wenyewe.

Mhariri, habari za kazi. Chuo kimoja kinatupatia masomo ya video, lakini intaneti yetu inakatika na umeme pia. Tuna kompyuta mpakato 12 na vishikwambi 18, vikiwemo vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu. Tufanyeje?
*Mwalimu wa sekondari, Newala*

Mwalimu, masomo yakae shuleni. Video ya dakika 10 yenye ubora wa wastani ina kama MB 45. Vifaa 30 vikiivuta kila kimoja kutoka intaneti, ni zaidi ya GB 1.3 kwa video moja tu. Ikiwa kwenye seva ya shule, yaani kompyuta inayotunza masomo na kuvigawia vifaa vingine, bando haliguswi.

Seva si lazima iwe kubwa. Kompyuta mpakato ya zamani yenye diski ya SSD inatosha, ikiwekwa Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Chuo kilete masomo mapya kwa diski ya nje kila muhula. Epukeni seva inayoendeshwa kwa kadi ndogo ya kumbukumbu: umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, mafaili huharibika, na asubuhi seva haiwaki. Ruta ya nyumbani nayo mara nyingi huzidiwa na vifaa 30 vinavyocheza video kwa pamoja, hivyo zile kompyuta 12 ziunganisheni kwa waya na Wi-Fi muiachie vishikwambi.

Umeme: kompyuta 12 kwa wati 45 ni wati 540. Ongezeni wati 30 za seva na ruta, mnapata 570. Inveta ya wati 1,000, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili uendeshe kompyuta, itafaa. Kwa saa tatu mnahitaji kWh (uniti) 1.7, na kwa kuwa inveta nayo hula sehemu yake, hesabuni 2. Betri ya lithiamu inayotumika hadi asilimia 80 iwe na kWh 2.5. Mkichukua za risasi, ambazo hazitakiwi kushuka chini ya nusu, nunueni mbili za volti 12, Ah 200 kila moja. Wengi hununua moja, wanaimaliza kila siku, na mwaka haujaisha imeshakufa. Vishikwambi vichajiwe umeme ukiwepo. Msimu wa mvua radi zikianza, chomoeni plagi na waya wa mtandao unaotoka nje, kwa sababu radi hupitia kote kuwili.

Shikamooni. Kampuni inayotengeneza programu ya kujifunzia na chuo inaomba shule itoe majina, namba za simu za wazazi na alama za watoto “ili kuboresha masomo”. Ni sawa?
*Mzazi, Lindi*

Marahaba. Kuboresha somo hakuhitaji jina wala simu. Kinachohitajika ni kujua swali lipi limekosewa na wangapi, na baada ya kujaribu mara ngapi. Shule impe kila mtoto namba ya siri, na orodha inayounganisha namba na majina ibaki kwenye kabati la mkuu wa shule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa aeleze anazikusanya kwa lengo gani. Iombeni kampuni kwa maandishi: inachukua nini, inahifadhi wapi, itafuta lini. Majibu yasipokuja, mzazi una haki ya kukataa, na shule isimzuie mtoto kusoma kwa sababu hiyo.