Maswali ya Wasomaji: Sebule Yenye Milango Sita

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu hii, salaam. Tulinunua nyumba ambayo ilikuwa imekwisha kujengwa, na tangu tuhamie tunaishi kama watu waliobanana ingawa nyumba si ndogo: ina upana wa mita 12 na kina cha mita 9. Sebule iko katikati, upana wa mita 5 na kina cha mita 6, nayo imezungukwa na milango sita. Mlango mkuu uko katikati ya ukuta wa mbele. Upande wa kushoto kuna vyumba viwili vya kulala, kimoja mbele na kingine nyuma. Upande wa kulia kuna chumba cha tatu, ambacho mlango wake uko karibu na ukuta wa mbele. Ukuta wa nyuma una mlango wa choo na bafu kwenye kona ya kushoto na mlango wa jiko kwenye kona ya kulia. Nyuma ya chumba cha tatu kuna stoo kubwa inayofikiwa kwa kupitia jikoni tu. Hatuna mahali pa kupanga viti, na anayekula mezani anatazamana na mlango wa choo. Fundi ametushauri tubomoe ukuta wote kati ya jiko na sebule, kisha tuhamishie choo mbele, pembeni mwa mlango mkuu. Mume wangu ameafiki, lakini mimi nasita. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kusita kwako kuna msingi. Mapendekezo mawili mliyopewa ni miongoni mwa kazi zenye gharama kubwa zinazoweza kufanyika katika nyumba ya namna hii, na hata zikikamilika, sebule yenu itabaki kuwa njia panda, kwa sababu tatizo lenu halitokani na ukubwa wa vyumba wala na mahali choo kilipo. Linatokana na njia ambazo watu wanalazimika kuzipita.

Chukua karatasi, uchore sebule yako kwa vipimo, kisha upige mstari kutoka mlango mkuu hadi kila mlango mwingine. Utaona kwamba anayekwenda jikoni anakata kuelekea kulia, na anayekwenda chooni au katika chumba cha nyuma anakata kuelekea kushoto. Mtu anahitaji takribani sentimita 90 ili apite bila kujipenyeza, hivyo njia hizo mbili peke yake zinameza karibu mita 10 za mraba kati ya 30 mlizo nazo. Zilizobaki zimekatwa vipandevipande, na hata penye kipande kirefu cha ukuta kisicho na mlango, njia ya watu inabana mahali pa kuweka kochi la watu watatu, ambalo kwa kawaida huwa na urefu wa zaidi ya mita 2.

Ningependekeza mjenge kizigeu kimoja, yaani ukuta mwembamba wa kugawa chumba, na kuhamisha milango miwili tu. Kizigeu kianzie ukuta wa nyuma, kije mbele kwa urefu wa mita 3, kikiwa umbali wa mita 1.2 kutoka ukuta wa kushoto. Hapo mtapata ujia mfupi ambao mwisho wake ni mlango wa choo. Chumba cha kulala cha nyuma kitafunguka ndani ya ujia huo bila kubadilishwa chochote. Mlango wa chumba cha mbele usogezwe hadi kona ya nyuma ya chumba hicho, ili nao ufungukie hapo. Mtu aliyesimama kwenye mlango mkuu, au aliyeketi mezani, hatauona tena mlango wa choo, kwa sababu kizigeu kitakuwa kimemkinga.

Mlango wa pili wa kuhamisha ni ule wa jiko. Uutoe kona ya kulia na kuuleta jirani na ukuta wa choo, upande wa pili wa kizigeu. Matokeo yake ni kwamba anayeingia nyumbani akielekea jikoni ataambaa na kizigeu kwa mstari karibu ulionyooka, na upande wote wa kulia utabaki mtulivu: viti mbele, meza ya kulia nyuma. Chumba cha tatu kiachwe kama kilivyo, kwani chumba kilicho karibu na mlango mkuu kinafaa sana kwa mgeni au kwa kazi za ofisi.

Sasa turudi kwenye hamu ya mume wako ya kuunganisha jiko na sebule, ambayo siidharau. Mlango wa zamani wa jiko msiuzibe wote. Jengeni tofali hadi kimo cha sentimita 90, ambacho ndicho kimo cha kawaida cha kaunta, na sehemu ya juu iachwe wazi kama dirisha la kupitishia vyombo. Linta ya kubeba uzito juu ya uwazi huo tayari ipo, kwa hiyo hakuna hatari mpya mnayoileta. Faida nyingine ni hewa. Sebule yenu ina madirisha upande wa mbele pekee, na hewa haiwezi kupita chumbani ikiwa haina pa kutokea. Uwazi huo, pamoja na dirisha la jiko lililo ukuta wa nyuma, utaifungulia njia. Wekeni kilango cha kufunga wakati wa kupika, kwa maana mimi binafsi sioni raha ya kuketi katika moshi wa mafuta kwa sababu tu ramani ya kisasa inapendeza machoni.

Kuhusu kuubomoa ukuta wote wa jiko, hapo ndipo ninapokuomba uwe mkali. Katika nyumba yenye upana huo, yamkini kabisa kenchi za paa zimeegemea ukuta huo. Kuugongagonga na kusikiliza mlio hakuthibitishi lolote, wala wembamba wake si ushahidi kwamba haubebi mzigo. Mhandisi apande darini aone kenchi zimelala wapi. Ukuta ukiwa unabeba, kuuondoa kunadai boriti ya zege au ya chuma iliyokokotolewa, nguzo za kuipokea, na msingi wa nguzo hizo. Hata milango miwili ninayopendekeza inahitaji jicho lake. Kama linta ya nyumba yenu ni mkanda mmoja wa zege unaozunguka kuta zote, kutoboa chini yake ni kazi nyepesi. Kama kila mlango una linta yake fupi, basi linta mpya lazima iwekwe kwanza, ikiegemea ukutani angalau sentimita 15 kila upande, na ndipo tofali za chini zitolewe.

Kizigeu chenyewe kisiwe cha tofali nzito, kwa kuwa chini yake hakuna msingi bali sakafu tu, na sakafu iliyobebeshwa ukuta ambao haikuandaliwa huweza kupasuka. Fremu ya mbao au ya chuma chepesi iliyofunikwa kwa mbao za jasi inatosha. Kuanzia kimo cha mita 2.1 hadi dari tieni kioo, ili ujia usigeuke kuwa shimo la giza. Nimeona nyumba nyingi ambazo mwenyewe alikata chumba kwa nia njema, halafu taa ikalazimika kuwaka humo mchana kutwa.

Choo kibaki kilipo. Bomba la maji machafu ya choo halifuati matakwa yetu bali mteremko, na mteremko unaotumika mara nyingi ni 1 kwa 40, yaani sentimita 2.5 kwa kila mita. Mkikihamishia mbele huku chemba zikiwa nyuma ya nyumba, bomba litasafiri takribani mita 10, na mwisho wake utakuwa chini kuliko mwanzo kwa sentimita 25. Maana yake ni kuchimba sakafu ya sebule nzima, na pengine kugundua kwamba chemba iliyopo haina kina cha kutosha kulipokea. Mkihitaji choo cha pili, kateni mita 1.5 kutoka kwenye stoo, upande unaopakana na chumba cha tatu, na mlango uwe wa chumba hicho. Bomba litatokea ukuta wa nje na kuzunguka nyumba hadi chemba bila kugusa sakafu ya ndani.

Kabla fundi hajashika nyundo, chora kizigeu na milango mipya sakafuni kwa chaki, upange viti na meza kama itakavyokuwa, na muishi hivyo kwa wiki moja. Kama kuna mahali mnaukanyaga mstari mara kwa mara, usogezeni. Kisha peleka mchoro kwa mamlaka inayotoa vibali vya ujenzi katika eneo lako, maana kubadilisha kuta za ndani nako huweza kuhitaji idhini.

SWALI: Chumba changu cha kulala kina mita 3 kwa 3. Mlango uko katikati ya ukuta mmoja na dirisha liko ukuta unaouelekea. Kila nikipanga kitanda na kabati, kimoja kinazuia mlango. Je, nipanue chumba?

JIBU: Usipanue. Mlango ulio katikati ya ukuta huugawa ukuta huo katika vipande viwili visivyofaa kitu. Usogeze hadi kona ya kushoto, ukibakiza sentimita 10 tu, na bawaba ziwe upande huo ili mlango ulale kwenye ukuta wa kushoto unapofunguliwa. Sehemu iliyobaki ya ukuta wenye mlango itapokea kabati lenye urefu wa karibu mita 1.9 na kina cha sentimita 60. Milango yake iwe ya kuteleza. Kitanda cha mita 1.5 kwa 1.9 kielekeze kichwa kwenye ukuta wa kulia. Miguuni patabaki zaidi ya mita 1 ya kupita, kati ya kitanda na kabati sentimita 60, na upande wa dirisha sentimita 30, ambazo zinatosha kwa pazia na kwa mkono wa kulifungua dirisha asubuhi.