Wadodosaji wapya, msimuumbue mwenye kaya

Juzi nilifuatana na wadodosaji wapya, wale wanaopita kaya kwa kaya kukusanya takwimu, huko Chamwino, Dodoma, nikarudi moyo umenisinyaa. Wadogo zangu, nawapenda, lakini makosa yenu ni yaleyale tuliyoyafanya sisi. Sikilizeni.

1. Salamu kwanza, kishikwambi baadaye. "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, iliyotoka moyoni hufungua mlango kuliko kitambulisho cha shingoni.

2. Ukiwekewa kiti, kaa, hata kama umebakiza kaya sita.

3. Swali la milo halitaki watu wengine karibu. Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2013 nilikuwa Bahi, mwezi wa pili, mvua ipo lakini vihenge vitupu. Mzee alikuja kunilaki njiani amevaa shati jeupe lenye mikunjo ya sandukuni. Mkewe akafuta kiti kwa ncha ya kitenge, akakifuta tena. Balozi wa nyumba kumi na majirani wawili wakakaa nasi. Nikauliza kaya ilikula milo mingapi jana. "Mitatu," akasema mzee. Mjukuu akadakia, "Babu, si tulikunywa uji tu?"

Majirani wakageukia mbuzi, kana kwamba hawakusikia. Balozi akakohoa. Mimi, kwa tamaa ya takwimu safi, nikasema kwa sauti, "Kwa hiyo mzee niandike mmoja?" Akapeleka mkono kwenye kola, akafungua kifungo cha juu, akakifunga. "Andika unavyotaka, mwanangu." Maswali yote yaliyobaki alijibu "sijui". Baada ya wiki mbili nilirudi kumwomba radhi. Mkewe akasema mzee yuko shambani. Shamba lenyewe lilionekana pale nilipokuwa nimesimama, na halikuwa na mtu.

Chuoni tulifundishwa habari za Erving Goffman, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada aliyeishi na watu wa visiwa vya Shetland akiwatazama wanavyopokeana. Mwaka 1959 alieleza kwamba mbele ya wenzake mtu huwa kama yuko jukwaani, na nyuma ana mahali pa kupumzika; wahudumu wa hoteli ya kule walikuwa na adabu zao ukumbini na nyingine jikoni. Akaongeza kwamba watazamaji nao humsitiri mwenzao kwa kujifanya hawakuona. Mtihani niliufaulu. Wale majirani wawili hawakuusoma, lakini ndio waliomsitiri mzee.

4. Jikoni usiingie. Juzi mmoja wenu alimfuata mama hadi kwenye mafiga ahakiki nishati ya kupikia. Mama alikuwa anafunika sufuria haraka! Uliza, uandike ulichojibiwa. Ukiona majibu yanagongana, weka alama, urudi kwenye swali mwishoni mkiwa wawili.

5. Balozi mheshimu, lakini ana kazi yake. Mwombe atangulie kuitaarifu kaya inayofuata. Akishapita kona, ndipo ufungue sehemu ya chakula.